Sura ya Tano: Ardhi ya Mdomoni

Milima iliyo kati ya Bunia na Ziwa Albert hugawa mvua. Inayoangukia upande wa magharibi huingia mto Shari, kisha Ituri, ambao mbele ya safari huitwa Aruwimi, hujiunga na Kongo huko Basoko na kumalizikia Atlantiki karibu na Banana. Inayoangukia upande wa mashariki huporomoka kwenye ukingo wa bonde la ufa, huingia ziwani, na kutoka hapo hufuata Nile mpaka Mediterania. Teritwari ya Irumu, katika jimbo la Ituri nchini Kongo, imekaa juu ya mgawanyiko huo. Komanda na misitu yake hupeleka maji Kongo. Boga, Mitego na Tchabi hutazama bonde la Semliki, mto unaoingia Ziwa Albert kusini mwa Kasenyi. Eneo moja la utawala, basi, lina hisa katika midomo mitatu ya mito, na midomo hiyo haifanani hata kidogo. Nile ina delta inayojulikana dunia nzima, ambayo leo inaliwa na bahari. Kongo, mto wa pili duniani kwa wingi wa maji baada ya Amazon, hauna delta ya kuonekana. Semliki, mto ambao watu wengi nje ya eneo hili hawajapata kuusikia, una delta hai inayoota na kuhama kila mwaka. Tofauti hizo haziwezi kuelezwa kwa ukubwa wa mto. Hoja ya sura hii ni kwamba ardhi ya mdomoni haimalizwi kutengenezwa: ipo kwa muda tu ambao kinacholetwa kinalingana na kinachoondolewa au kinakizidi, na siku hizi pande zote mbili za mizani hiyo zimeingiliwa na mikono ya watu wanaoishi mbali sana na mdomo wenyewe.

Tuanze na Semliki, kwa kuwa hapo kazi inaonekana wazi. Mto hutoka Ziwa Edward hapo Ishango, zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na huingia Ziwa Albert karibu mita 300 chini zaidi. Sehemu kubwa ya mteremko huo huishia katikati ya safari, mto unapopita msituni chini ya miguu ya magharibi ya Rwenzori na kupokea Butahu, Lamia na vijito vingine vinavyoshuka kutoka mlima wenye kilele cha mita 5,109. Vijito hivyo vina kasi, na kasi ndiyo inayobeba changarawe na mchanga. Kisha mto hutoka msituni, chini ya Boga, na kukuta uwanda ulio karibu bapa kabisa. Hapo hauna tena nguvu ya kwenda moja kwa moja, unajipinda. Kwenye kila kona maji ya upande wa nje hukimbia na kuchimba ukingo, na ya upande wa ndani hutulia na kuacha fungu la mchanga. Mwaka baada ya mwaka kona nzima huhamia upande unaochimbwa, mpaka mafuriko makubwa yanapokata shingo yake na kuacha kidimbwi chenye umbo la mwezi mchanga. Ukitazama uwanda huo kutoka angani utaviona vidimbwi vya namna hiyo pande zote mbili. Vinaonyesha kwamba mto huu umewahi kupita karibu kila mahali pa uwanda wake.

Mdomoni hutokea jambo jingine. Maji ya mto yanapogusa maji yaliyotulia ya ziwa, kasi hufa ndani ya umbali mfupi, na mzigo huanguka kwa mpangilio wa uzito: kwanza mchanga mzito, mbele kidogo mchanga laini, na tope jepesi husafiri mbali kabla ya kutua. Mchanga mzito ukianguka katikati ya mkondo hujenga fungu. Fungu likikua, mkondo hulazimika kugawanyika na kupita kulia na kushoto kwake, na kila tawi likifika mbele hujijengea fungu lake na kugawanyika tena. Mafunjo na matete hushika juu ya fungu mara tu linapokaribia uso wa maji. Mashina yao yaliyosongamana hupunguza kasi ya maji kiasi kwamba hata tope jepesi, ambalo lingekwenda zake ziwani, hunaswa na kutua, na baada ya misimu kadhaa mahali palipokuwa maji panakanyagika. Lakini tawi linalojirefusha hivyo hujidhuru, maana njia ikirefuka mteremko wake hupungua. Siku ya mafuriko mto hupasua ukingo na kutafuta njia fupi zaidi kwenda ziwani, na tawi la zamani huachwa lijifukie lenyewe. Delta nzima imejengwa kwa namna hiyo, kipande hapa na kipande pale. Uhamaji ambao wakazi huuona kama balaa ndio unaoeneza mchanga kila upande badala ya kuurundika mahali pamoja.

Upande wa pili wa mizani ni maji yanayopokea. Mwaka 1975 mwanajiolojia William Galloway alipendekeza kwamba delta zote za dunia zipangwe kwa kuuliza ni nguvu gani inayotawala kati ya tatu: mto, mawimbi, au kupwa na kujaa kwa maji. Mpango wake bado unafundishwa, na unatusaidia kuona ni nini Semliki inakosa na ni nini inacho. Ziwa Albert halina bamvua wala maji mafu yanayostahili kutajwa, kwa hiyo nguvu ya tatu haipo. Mawimbi yapo. Ziwa lina urefu wa kilomita 160 hivi na limebanwa kati ya kuta mbili za bonde la ufa, na upepo unaofuata urefu wa bonde hupata maji mengi ya wazi ya kuinua mawimbi kabla ya kufika ncha ya kusini. Mawimbi yakipiga ufuko kwa mshazari husukuma mchanga kandokando, na huo ndio mchanga unaojenga ndimi ndefu na fukwe ambazo vituo vya wavuvi vimejengwa juu yake. Badala ya kupwa na kujaa kila siku, ziwa hili hupanda na kushuka kwa miaka na kwa miongo. Likishuka, fungu lililokuwa chini ya maji hukauka na watu huhamia. Likipanda, mawimbi hufanya kazi ndani zaidi ya nchi kavu kuliko mwaka uliotangulia.

Uzito wa upande huo wa pili unaonekana vizuri zaidi kwenye mto ambao nusu ya Irumu inaulisha. Kongo humwaga maji mengi kupita mito mingine yote ya Afrika, lakini pale Banana hakuna visiwa vya mchanga vinavyosogea baharini. Sababu iko chini ya maji: korongo la bahari linaanzia ndani kabisa ya mdomo wa mto na kuteremka mpaka vilindi vya Atlantiki. Mchanga unaofika mdomoni hutua kwenye kichwa cha korongo, hukusanyika, kisha huporomoka. Mwisho wa mwaka 2019 mto Kongo ulifurika kuliko ulivyowahi tangu miaka ya 1960. Wiki mbili hivi baadaye, wakati wa bamvua la Januari 2020, maporomoko ya mchanga na tope yaliteremka korongoni, yakasafiri zaidi ya kilomita 1,100 chini ya bahari kwa muda wa siku mbili, na kukata nyaya za mawasiliano za SAT-3 na WACS. Intaneti ikalegea katika nchi nyingi za Afrika. Udongo wa Komanda ukifika mwisho wa safari yake unakwenda kujenga sakafu ya bahari, mahali ambapo hakuna atakayelima. Semliki, wenye sehemu ndogo sana ya maji hayo, umejenga nchi kwa sababu tu unamwaga mzigo wake kwenye maji ya kina kifupi yasiyo na mahali pa kuukimbizia.

Mpaka hapa binadamu hajaingia, na mtu anaweza kudai kwamba hana haja ya kuingia: mito na maziwa vilikuwa vikifanya haya kabla yetu. Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoufahamu dhidi ya dai hilo uko pwani ya Kenya, ambako mito miwili imetufanyia jaribio ambalo hakuna mwanasayansi angeweza kulipanga. Tana na Sabaki hutoka nyanda za juu za kati za Kenya, na humwaga maji yao katika bahari moja, chini ya kusi na kaskazi zilezile, midomo yao ikiwa imeachana kwa mwendo wa kilomita mia moja hivi. Juu ya Tana yalijengwa mabwawa matano mfululizo: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Maji yaliyotulia nyuma ya ukuta huangusha mchanga kama yanavyouangusha yakifika ziwani, kwa hiyo mabwawa hayo ni delta zilizohamishiwa milimani. Huku chini mafuriko yaliyokuwa yakinywesha mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma yamepungua, na maji ya chumvi hupanda mtoni kutokea mdomoni, hapo Kipini. Sabaki haukuzibwa namna hiyo. Mashamba ya Ukambani na kwingineko katika bonde lake yalipanuka, miteremko ikabaki uchi, na udongo ukateremka bila kizuizi. Matumbawe ya Malindi yameandika habari hiyo: katika tabaka za kila mwaka za tumbawe lenye umri wa miaka 300, kiasi cha madini ya bari yanayoletwa na udongo wa mto kilikuwa kidogo kwa karne mbili, kisha kikaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kulishwa kwa nguvu chini ya ukoloni. Ufuko wa Malindi umepanuka kuelekea baharini mpaka majengo yaliyokuwa kando ya maji yakajikuta mbali nayo. Bahari moja, pepo zilezile, mlima wa kutokea karibu mmoja. Mdomo mmoja una njaa na mwingine umevimbiwa. Kilichotofautiana ni yale ambayo watu waliyafanya mamia ya kilomita juu ya mto.

Nile inatoa ushahidi huohuo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kabla ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, mto ulikuwa ukifikisha Misri tani zaidi ya milioni 100 za mashapo kwa mwaka. Baada yake karibu yote hubaki katika Ziwa Nasser, na rasi ya Rashid imerudi nyuma kilomita kadhaa. Msomaji wa Irumu asije akafikiri kwamba udongo wake ndio uliokuwa ukilisha delta hiyo. Mashapo ya Misri yalitoka hasa nyanda za juu za Ethiopia. Udongo wa Semliki hauvuki Ziwa Albert; hutua humo, juu ya mashapo mengine yenye unene wa kilomita kadhaa yaliyojaza bonde hili kwa mamilioni ya miaka. Mafuta yanayotafutwa leo kandokando ya ziwa yalizaliwa katika tope hilo. Maji ya Boga yanafika Misri, lakini ardhi ya Boga inaishia mlangoni, na kwa hiyo kinachotokea kwenye mdomo wa Semliki ni habari ya watu wa bonde hili peke yao, Wakongo na Waganda. Kwa upande wa udongo, hakuna wa mbali wa kulaumiwa.

Kinachotokea ni nini? Semliki haujazibwa na bwawa kubwa, kwa hiyo uko upande wa Sabaki, si wa Tana. Kazi ya binadamu hapa huanzia ukingoni. Chukua kivuko kimoja cha ng'ombe kwenye uwanda. Ukingo wenye nyasi na vichaka una mizizi inayofungamanisha udongo mpaka chini ya usawa wa maji ya kiangazi, na mto ukiupiga hupata kazi ya miaka kuula. Ng'ombe wakishuka kunywa mahali hapohapo kila siku, kwato hukata nyasi kwanza, kisha hukata mfereji. Mvua ya kwanza hupita ndani ya mfereji huo na kuuchimba. Mafuriko ya kwanza huingia kwa nyuma na kuondoka na kipande kizima cha ukingo, chenye nyasi zake juu. Msimu unaofuata wachungaji huhamia hatua chache kando. Fanya hivyo pande zote mbili za uwanda, ongeza mashamba yaliyofika mpaka kwenye maji, miti iliyokatwa kwa ajili ya makaa, na miteremko ya Rwenzori iliyolimwa juu kuliko zamani, na utakuwa na mto unaobeba mzigo mkubwa zaidi na wenye kingo dhaifu zaidi kuuzuia usihame. Nchini Uganda malalamiko ya kwamba Semliki unahamia mashariki na kumega malisho ya Ntoroko ni ya miaka mingi, na taarifa za mazingira za huko zimekuwa zikilihusisha jambo hilo na malisho yaliyozidi kiasi kwenye kingo.

Kwa mkulima kingo hizo ni shamba na malisho. Kwa dola ni mpaka. Mkataba wa Uingereza na Ubelgiji wa mwaka 1915 uliuweka mpaka kwenye Semliki, kuanzia unapopokea Lamia mpaka mdomoni, kisha mstari ukaendelea ndani ya ziwa. Waliotia sahihi London walichora mstari juu ya kitu kinachotembea. Kona ikikatwa, ng'ombe aliyelala Uganda anaamka ng'ambo ya mto, na mwenye malisho hajui tena ni mkuu gani anayempa amri. Kwenye delta tatizo huzidi, kwa kuwa mto wenye matawi kadhaa hauna mdomo mmoja; tawi lililo kubwa leo laweza kuwa kidimbwi cha mafunjo kesho. Mwaka 2007, mafuta yalipoanza kunukia, kisiwa kidogo cha wavuvi cha Rukwanzi, upande huohuo wa kusini mwa ziwa, kilitosha kuzipeleka Kinshasa na Kampala kwenye mazungumzo ya Ngurdoto, karibu na Arusha. Ardhi iliyoumbwa na mchanga wa juzi ikawa hoja ya marais wawili.

Kuna pingamizi ambalo watu wa Kasenyi wana haki ya kulitoa kwa sauti. Kilichowatoa nyumbani mwaka 2020 hakikuwa mto wala ng'ombe, lilikuwa ziwa. Ni kweli. Mvua za mwisho wa 2019 zilizidi kiasi katika Afrika Mashariki yote, kwa sababu maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na mvua hizohizo ndizo zilizochangia mafuriko ya Kongo niliyoyataja. Mei 2020 kipimo cha Ziwa Victoria hapo Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Maji yanayotoka Jinja huingia Ziwa Albert kwenye ncha yake ya kaskazini, na ziwa likijaa kutoka kaskazini hujaa pia Kasenyi na Ntoroko, hata kama Semliki haukuongeza tone. Hakuna mchungaji wa Boga ambaye angeweza kulizuia hilo. Ila pingamizi hili linajibu swali tofauti. Kwamba ziwa litapanda tena ni jambo la hakika: lilipanda 1961 hadi 1964, wakati Victoria peke yake iliongezeka karibu mita mbili na nusu, na likapanda 2020. Swali ni kwa nini kupanda kulekule huharibu zaidi safari hii. Kati ya vipindi hivyo viwili maji yalishuka, mafungu yakakauka, na miji ya wavuvi ikajengwa juu ya ufuko ambao mwaka 1964 ulikuwa wa mawimbi. Mkanda wa mafunjo uliokuwa ukivunja mawimbi ulikatwa ili mitumbwi ipate kupita na kokoro zipate kuvutwa. Maji yaliletwa na mvua. Hasara ililetwa na jinsi tulivyokaa. Na hata maji yenyewe yamepitia mkono wa mtu, maana tangu bwawa la Owen Falls lifunguliwe mwaka 1954, kiasi kinachotoka Ziwa Victoria hupitishwa na milango ambayo kuna anayeamua ifunguliwe kiasi gani.

Mwingine atasema kwamba barafu ya Rwenzori ndiyo inayoyeyuka na kuujaza mto. Barafu inayeyuka kweli: kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906, chini ya moja mwanzoni mwa karne hii. Lakini vipimo vilivyofanywa kwenye mto Mubuku, upande wa Uganda, vilionyesha kwamba maji ya barafu hayafiki asilimia 2 ya mto huo ukifika chini ya mlima. Rwenzori hulisha mito yake kwa mvua na kwa vinamasi vyake. Tuiomboleze barafu kwa sababu zake yenyewe, tusiibebeshe mafuriko.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwenye takwimu za dunia. Uchunguzi wa delta karibu 11,000 uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba, licha ya mabwawa na licha ya bahari kupanda, delta kwa ujumla zimekuwa zikiongezeka kwa zaidi ya kilomita za mraba 50 kwa mwaka katika miongo mitatu, na sababu moja kubwa ni ukataji wa misitu, unaomimina udongo mitoni. Kama ni hivyo, kwa nini kulalamika? Anayefyeka mlimani anajenga mdomoni; ardhi haipotei, inahama. Nimelifikiria pingamizi hili kwa muda mrefu kwa sababu hesabu yake ni sahihi. Kasoro iko kwenye kinachohesabiwa. Hekta ya malisho juu ya Semliki, yenye udongo uliochukua karne nyingi kuiva, haibadilishwi na hekta ya mdomoni ya thamani ileile. Inarudi kama tope la kinamasi linalozama mwaka mmoja kati ya michache, na anayeipata hakuwa mwenye ile iliyopotea. Tope jepesi halijengi ufuko imara pia. Mchanga ndio unaosimama mbele ya mawimbi, na mmomonyoko wa mashamba huongeza tope kuliko unavyoongeza mchanga. Tope hilo likitanda kwenye maji ya kina kifupi hufunika mahali ambapo ngege hutengeneza viota vyao vya kutagia. Kasenyi inaishi kwa samaki. Mji unaopata hekta za kinamasi na kupoteza mazalio umefilisika hata kama ramani inauonyesha ukikua. Zaidi ya hayo, ardhi iliyojengwa kwa mzigo wa ziada hudumu kadiri mzigo huo unavyodumu. Siku bwawa likijengwa juu ya mto, au udongo wa miteremko ukiisha, mawimbi yataanza kukusanya deni lao, na yatakusanya kutoka kwa walioshawishika kujenga.

Naona haja pia ya kujibu lawama ambayo hoja hii yaweza kuipa silaha. Ni rahisi kwa ofisi ya mbali kusoma habari za kwato na makaa na kuhitimisha kwamba mfugaji na mkimbizi ndio adui wa mto. Irumu ni mahali ambapo vijiji vizima vimekimbia zaidi ya mara moja katika miaka hii. Mei 2021 jimbo la Ituri liliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, na mwisho wa mwezi huohuo Boga na Tchabi zilishambuliwa. Familia iliyoacha shamba lake mlimani na kukaa kando ya kambi hukata kuni pale ilipo, kwa kuwa hairuhusiwi kuwa kwingine. Ng'ombe waliokuwa na malisho mapana hubanwa kwenye kipande salama cha ukingo mpaka ukingo unashindwa. Vita huingia mdomoni mwa mto kwa njia hiyo, kama tope. Mtu anayetaka kweli kuinusuru delta ya Semliki angeanza kwa kudai watu warudi makwao kwa usalama, kabla ya kutunga sheria yoyote ya faini kwa mchungaji.

Kinachofuata kutokana na hoja hii ni kidogo kuliko miradi mikubwa, na ni kigumu zaidi. Mwezi Julai 2022 serikali ya Kongo ilinadi vitalu 27 vya mafuta. Oktoba 2024 mnada huo ukafutwa. Upande wa Uganda visima vilichimbwa kwenye uwanda wa Semliki mapema miaka ya 2000, na uwanja wa mafuta wa Kingfisher unaendelezwa kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa. Mafuta yatarudi mezani, na pamoja nayo yatakuja mapendekezo ya tuta: kuunyoosha mto, kufunga kingo kwa mawe, kuinua barabara kuvuka kinamasi. Tuta litaulinda mwaka wake. Baada ya hapo mto uliozuiwa kuhama utarundika mchanga ndani ya njia moja, sakafu yake itapanda kuliko uwanda unaouzunguka, na mafuriko yatakayovunja tuta yatakuwa makubwa kuliko yale ambayo tuta lilijengwa kuyazuia. Njia nyingine ni kuuachia mto mkanda wake: upana wa uwanda ambao vidimbwi vya umbo la mwezi vinaonyesha kwamba umewahi kuutumia, usiojengwa, wenye malisho ya msimu na vivuko vichache vya ng'ombe vilivyowekewa mawe, na mafunjo yaliyoachwa mbele ya Kasenyi na Ntoroko. Mkanda kama huo hauwezi kutunzwa na nchi moja, kwa sababu mto hauhamii upande mmoja tu. Kinachohitajika kwanza ni makubaliano ya mpaka usiotegemea mahali mkondo ulipolala mwaka huu: mstari uliopimwa na kuwekewa alama kwenye ardhi iliyo imara, huku haki za kunywesha, kulisha na kuvua zikihesabiwa kwa mkanda mzima bila kuuliza mto umepita upande gani. Kamati za wachungaji na wavuvi wa pande zote mbili huwa zinapatana juu ya vivuko na mitumbwi bila kusubiri miji mikuu. Wapima ardhi wa Kinshasa na Kampala wakienda na vyombo vyao, wakae na watu hao kwanza, kwa kuwa wanajua tawi lipi lilikuwa mdomo mwaka ambao ramani ilichorwa na lipi limekuwa mdomo tangu hapo.